Kujifunza Kuitazama Sinema: Somo Kutoka Mto Kagera

Mwishoni mwa mwaka 1952 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani ilileta mahema, magari, kamera na waigizaji mashuhuri kando ya mto Kagera, katika nchi iliyoitwa wakati ule Tanganyika. Kazi iliendelea hata mwanzoni mwa mwaka 1953, na mwezi Oktoba wa mwaka huohuo filamu ikaanza kuonyeshwa. Jina lake ni Mogambo. Mwongozaji wake alikuwa John Ford, Mkatoliki wa asili ya Ireland. Waigizaji wakuu walikuwa Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, yule ambaye mwaka 1956 aliolewa na mtawala wa Monaco.

Twaichukua filamu hiyo leo iwe kitabu chetu cha kujifunzia. Si kwamba ni bora kuliko nyingine, wala hatuwashauri wazazi waiweke mbele ya watoto wadogo, maana kisa chake ni cha mke wa mtu anayemtamani mwanamume mwingine. Twaichukua kwa kuwa sehemu yake ilipigwa katika mkoa huu, na kwa kuwa ndani yake yamo karibu mambo yote ambayo mtazamaji apaswa kuyajua kabla hajajiita mtazamaji.

Wazazi wa Bukoba na Muleba, na bila shaka wazazi wa kila jimbo, hutuuliza swali moja: je, filamu fulani ni njema au mbaya? Ni swali la haki, nasi hatulikatai. Lakini liko swali jingine linalotangulia, nalo ni hili: filamu hiyo imetengenezwaje? Asiyelijibu la pili huliendea la kwanza gizani. Atakataza busu moja na kuupitisha uongo wa saa nzima.

Kanisa halikukawia katika jambo hili. Ndugu wawili Lumière walionyesha picha zao mbele ya watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Mwaka 1936 Papa Pius XI akaandika barua yake Vigilanti Cura juu ya sinema. Papa Pius XII akafuata na Miranda Prorsus tarehe 8 Septemba 1957, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya Inter Mirifica tarehe 4 Desemba 1963. Katika barua hizo yamo maonyo, na limo pia agizo la kuwafundisha waamini, hasa vijana, namna ya kuitazama na kuipima sinema. Wengi wetu tumeyashika maonyo, tukaliacha agizo.

Tuanze basi na neno umbo. Mhaya aliyeona nyumba ya msonge ikijengwa ajua kwamba nguzo, fito na nyasi si nyumba. Ukivilundika vitu hivyo uani, vitabaki kuwa kuni na malisho ya mchwa. Nyumba ni mpango wake: kipi kimetangulia, kipi kimeshika kipi, mlango umeelekea wapi. Vivyo hivyo filamu. Vipande vyake vya picha na sauti ndivyo nguzo na fito. Mpango wa vipande hivyo, tangu mwanzo hata mwisho, ndio tunaouita umbo. Na kama vile fundi mmoja ajulikanavyo kwa namna yake ya kusuka mlango, ndivyo mwongozaji ajulikanavyo kwa namna yake ya kutumia kamera, mwanga, mkato na sauti. Hiyo namna yake ndiyo tunayoiita mtindo.

Fito ya kwanza ni picha yenyewe. Katika sinema ya sauti picha 24 hupita mbele ya taa kwa kila sekunde, nasi twaziona kama mwendo mmoja. Filamu ya Mogambo huchukua dakika zipatazo 115; hesabu yake ni zaidi ya picha 160,000. Kila moja ya hizo ina mipaka minne: juu, chini, kushoto na kulia. Ndani ya mipaka hiyo mmewekwa kitu, na nje yake kitu kingine kimeachwa.

Simama ufukoni Bukoba mjini ukiwa na kamera. Ielekeze ziwani, utapata maji, mitumbwi na kisiwa cha Musira, na mtu wa mbali ataamini kwamba hapa ni mahali pa upweke. Igeuze nyuma yako, utapata barabara, maduka, Kanisa Kuu na watoto wenye sare za shule. Hakuna picha ya uongo kati ya hizo mbili, wala hakuna iliyo Bukoba nzima. Mwenye kamera hana jinsi ila kuchagua, na mtazamaji hana budi kukumbuka kwamba amechaguliwa. Swali la kujiuliza ni rahisi nalo lafaa hata kwa mtoto wa darasa la 3: nyuma ya aliyeshika kamera kuna nini?

Umbali nao ni lugha. Kamera ikimsogelea mtu mpaka uso wake ujaze kitambaa, yatuambia kwamba mtu huyu ana moyo, ana mawazo, yafaa tumhurumie. Ikikaa mbali, watu huwa umati. Itazame Mogambo ukihesabu nani amesogelewa. Uso wa Grace Kelly waonekana kwa karibu mara nyingi, hata machozi na kope zake twazijua. Waafrika waliomo kwa sehemu kubwa ni kundi: wanapiga kasia, wanabeba mizigo, wanaimba, wanatisha. Hakuna aliyetutamkia neno la kuwatukana. Hapana haja ya neno, kamera imekwisha sema.

Fito ya pili ni mkato, yaani pale kipande kimoja kinapokoma na kingine kuanza. Hapa ndipo penye nguvu kubwa ya sinema kuliko pote, tena ndipo macho yetu yanapodanganyika kwa urahisi. Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alilionyesha jambo hilo mjini Moscow karne moja iliyopita. Alichukua uso wa mwigizaji usio na hisia yoyote ya wazi, akauunganisha na picha ya sahani ya chakula, kisha uso uleule na picha ya maiti, na kadhalika. Watazamaji wakausifu uigizaji: jinsi alivyoona njaa, jinsi alivyohuzunika! Uso ulikuwa mmoja.

Tufikiri mfano wa kwetu. Mzee amekaa mbele ya nyumba yake huko Kamachumu, ametulia, anatazama mbele. Unganisha uso wake na picha ya sinia la senene, watu watasema ana hamu. Uunganishe na kaburi chini ya mgomba, watasema anaomboleza. Uunganishe na binti anayepita barabarani, watasema mengine ambayo mzee mwenyewe, akiyasikia, atakushitaki kwa balozi wake wa nyumba kumi. Wala hukumtia neno mdomoni. Umekata na kuunga tu.

Sasa turudi katika Mogambo. Mtazamaji wa London au Chicago aliketi akaona nchi moja iitwayo Afrika, yenye mto mmoja, kambi moja na msitu mmoja. Kwa kweli aliona mto Kagera, akaona sehemu za Kenya na Uganda, akaona Kongo ya Wafaransa. Yaliyotokea ndani ya nyumba yalipigwa katika studio ya kampuni huko Borehamwood, karibu na London. Gorila, ambao ndio shabaha ya safari yote katika kisa, walipigwa picha na kikundi kingine cha wapiga picha katika misitu ya Afrika ya Ikweta ya Wafaransa. Clark Gable anaelekeza bunduki, mkato, gorila anajipiga kifua, mkato, Gable tena. Mtu na mnyama hawakuwahi kuonana. Kati yao palikuwa na mwendo mrefu, na mkasi wa mhariri ukaufuta.

Je, huo ni uongo? Twasema hapana, si kwa lazima. Kila sinema hufanya hivyo, na hata mhubiri hodari hukusanya mifano kutoka mahali pengi akaifanya hoja moja. Lakini yapo matokeo. Nchi zenye lugha, wafalme, mazao na misiba tofauti zilifanywa pori moja.

Jina lenyewe la filamu lachekesha kidogo. Mhaya akilisikia aweza kusikia ndani yake mwangwi wa okugamba, yaani kusema. Mswahili atafikiri mgambo. Filamu haina habari na yote mawili. Neno lilipendeza sikio la wauzaji, likapachikwa.

Msomaji mwenye haraka aweza kusema kwamba tunalalamikia mandhari tu, na kwamba kisa ndicho kitu. Vema, tukiangalie kisa. Mwaka 1932 kampuni hiyohiyo ilitengeneza filamu iitwayo Red Dust. Ndani yake bwana mmoja wa shamba la mpira huko Indochina ana mwanamke mchangamfu asiye na adabu nyingi, anafika mgeni pamoja na mkewe mpole, mke yule anampenda bwana wa shamba, mambo yanaharibika, risasi inalia, wageni wanaondoka, bwana anabaki na yule wa kwanza. Bwana wa shamba alichezwa na Clark Gable. Baada ya miaka 21 kisa kilekile kilihamishiwa Afrika, na Gable yuleyule akawa mwindaji anayekamata wanyama. Mpira ukawa chui na gorila, wafanyakazi wa Asia wakawa wapiga makasia wa Afrika, hakuna tundu lililobaki.

Hapo ndipo somo la umbo linapozaa matunda. Kisa kikiweza kung'olewa Indochina na kupandwa Kagera bila kupoteza jani hata moja, basi nchi hizo mbili si sehemu ya kisa. Ni pazia lililotundikwa nyuma ya waigizaji. Watu wa Kagera katika filamu hii hawafanyi lolote ambalo lingebadili mwisho wake. Ukitaka kupima uzito wa watu katika sinema yoyote, waondoe kwa mawazo, kisha uulize kama kisa kingali kinasimama.

Na pazia hilo lilificha nini? Tuangalie mwaka. Tarehe 10 Februari 1952 Laurean Rugambwa, mwana wa nchi hii, aliwekwa wakfu kuwa Askofu, akapewa kulichunga eneo la Kagera ya Chini, makao yake yakiwa Rutabo, ambayo leo iko wilayani Muleba. Mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika. Miaka 35 kabla ya kamera kufika, yaani mwaka 1917, mapadre wa kwanza wazalendo wa nchi yetu walikuwa wamepewa daraja takatifu huko Rubya. Wakulima wa kahawa walikuwa wameunda chama chao kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union. Katika Mogambo yumo padre mmisionari, Padre Josef, aliyechezwa na Denis O'Dea wa Ireland, naye ni mtu mwema. Hatumlaumu. Wamisionari Wazungu walikuwepo tangu Kashozi mwaka 1892, na heshima yao haiondoki. Twasema tu kwamba mwenye kamera alisimama katika nchi yenye Askofu Mhaya, akageuza lenzi upande wa pili.

Turudi kwenye fito, maana bado sauti. Mogambo yasifiwa, na kwa haki, kwa kutokuwa na okestra inayomshika mtazamaji mkono na kumwambia sasa lia, sasa ogopa. Badala yake tunasikia nyimbo na ngoma za Kiafrika. Ford alikuwa na sikio zuri. Lakini sauti ina kisa kingine, kilichotokea mbali na hapa, ambacho kila mzazi na kila padre anayesimamia ukumbi wa parokia yafaa akijue.

Filamu hii ilipofika Hispania, serikali ya Jenerali Franco, iliyojitangaza kuwa mlinzi wa maadili ya Kikatoliki, ilikuwa na wakaguzi wake. Wakaguzi wakaona kosa: mke wa ndoa anampenda mwindaji. Uzinzi haufai kuonyeshwa. Kwa kuwa filamu za kigeni zilikuwa zikiwekewa sauti za Kihispania, wakapata njia nyepesi. Wakayabadili maneno, yule mume na mke wakafanywa kaka na dada. Hivyo mwanamke hana mume, na akimpenda mwindaji hapana ubaya.

Picha, hata hivyo, hazikubadilika. Macho, mikono, ukaribu wa watu wale wawili, vyote vilibaki vya mume na mke. Wahispania wakaketi gizani wakiwatazama ndugu wa damu wanaopendana namna ile, wakashangaa. Walinzi wa maadili walikuwa wameufuta uzinzi na kuweka mahali pake dhambi nyeusi zaidi, kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu walidhani filamu ni maneno. Walisahau kwamba picha nayo husema, na kwamba sauti na picha zikigombana, mtazamaji huamini jicho.

Hatukisemi kisa hiki ili kuwacheka Wahispania. Kipo kwetu pia, kwa sura nyingine. Mkuu wa familia aondoaye nyimbo zote za kidunia katika simu ya mwanawe, akamwachia matangazo ya biashara yanayomfundisha kwamba mtu mweusi ni msafi akiwa mweupe kidogo, amefanya kazi ileile ya wakaguzi wale.

Fito ya mwisho tutakayoitaja ni ndogo, nayo ndiyo inayotuuma. Kila filamu ina orodha ya majina ya walioifanya. Katika orodha ya Mogambo, Gable ana jina lake, Gardner lake, Kelly lake, na Donald Sinden aliyecheza mume wake. Kisha yanakuja makabila: Wasamburu wa Kenya, Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji, Wambeti wa Afrika ya Ikweta ya Wafaransa, na Bahaya wa Tanganyika. Ndivyo ilivyo. Kabila zima limeandikwa kama mwigizaji mmoja. Wengine watasema hiyo ni heshima, maana filamu nyingi za siku zile hazikuwataja Waafrika hata hivyo. Twakubali kuwa ni zaidi ya kimya. Lakini Mkristu aliyebatizwa kwa jina, anayeitwa kwa jina lake siku ya Kipaimara na siku ya mazishi, ajua kwamba hakuna mtu aitwaye Bahaya. Waliopiga kasia walikuwa fulani mwana wa fulani.

Itakuwa dhuluma tukiacha msomaji afikiri kwamba wageni wa Hollywood peke yao ndio waliotuona hivyo. Serikali ya Uingereza nayo ilianzisha mwaka 1939 idara yake ya filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alifundisha kwamba Mwafrika hawezi kuelewa sinema ya kawaida. Apewe picha ndefu, zisizo na mikato ya haraka, zisizo na hila ya kamera. Tangu mwaka 1935 hata 1937 lilikuwako jaribio jingine huko Vugiri, milimani Usambara, likiongozwa na Meja Notcutt, la kutengeneza filamu za mafundisho kwa ajili ya wenyeji. Hilo lilikuwa na nia njema zaidi, nalo liliwatumia wenyeji kuwa waigizaji. Ajabu ni kwamba wakati wakubwa wakijadiliana kama twaweza kuelewa mkato, watu wa Dar es Salaam na Unguja walikuwa wakilipa senti zao kuingia filamu za Kihindi na za Kimarekani zenye mikato maelfu, wakatoka wakiimba nyimbo zake. Mwaka 1952, mwaka uleule wa Kagera, filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu ilikuwa na mwigizaji kijana aitwaye Rashidi Kawawa. Miaka 10 baadaye kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Wala tusidhani kwamba somo hili ni la filamu za hadithi tu. Zile zinazoitwa za kweli zahitaji macho makali zaidi, kwa kuwa mtazamaji huja kwao amevua silaha. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, juu ya samaki sangara. Wavuvi wa visiwa vya Muleba wamjua samaki huyo kuliko mwandishi yeyote. Filamu ilisifiwa sana Ulaya ikateuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na hata Ufaransa ulizuka ubishi mkali juu ya ukweli wake.

Hatutaamua ubishi ule hapa. Twataka tu kuonyesha namna ya kuufuata. Chukua daftari, chora safu tatu. Katika ya kwanza andika ulichokiona kwa macho: ndege kubwa inatua, minofu inapakiwa, mapanki yanaanikwa juani, watoto wa mitaani wanagombea chakula. Katika ya pili andika kilichosemwa na mtu kwa kinywa chake, kwa mfano rubani anayesimulia kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola. Katika ya tatu andika ulichokiamini kwa sababu tu vitu viwili viliwekwa sambamba. Ukimaliza, itazame safu ya tatu. Huenda yote yaliyomo ni kweli. Huenda si kweli. Lakini hayo ndiyo uliyoyapata kutoka kwa mkasi, wala si kutoka Mwanza, nayo yataka shahidi mwingine.

Tuna jambo moja la kujivunia katika habari hizi. Tangu miaka ya 1990 vibanda vya video vilienea katika miji midogo na mialo ya wavuvi, na pamoja navyo wafasiri wanaozungumza juu ya filamu za kigeni kwa Kiswahili, kama walivyofanya wenzao wa Uganda kwa Kiganda. Maarufu kati yao ni Derek Gaspar Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu. Wenye elimu waliwadharau watu hawa kwa kuwa waliongeza chumvi, waliwapa Wamarekani majina ya kwetu, waliingiza methali mahali pasipo na methali. Sisi twaona walikuwa walimu. Mkaguzi wa Hispania alibadili maneno kwa siri. Mfasiri wa kibandani aliyabadili waziwazi, na kila aliyekaa kwenye benchi alijua kwamba sauti hii ni ya mtu mwingine, ameketi palepale, ana maoni yake. Huko ndiko kuitazama sinema na macho yakiwa wazi.

Familia zitakazotaka kujaribu, na zifanye hivi. Jioni moja, baada ya Rozari, chukueni filamu yoyote mnayoiamini, hata ile ya Yesu iliyopigwa Israeli na kutolewa mwaka 1979, ambayo imeonyeshwa kwa Kiswahili katika parokia nyingi. Itazameni dakika 5 kwanza bila sauti kabisa. Watoto wapige kofi kila kamera inapokata. Baba au mama ahesabu. Kisha zirudieni dakika zilezile na sauti, mkiangalia ni nani aliyesogelewa na kamera, nani aliyepewa jina, nani aliyeachwa mbali. Baadaye tazameni tangazo la sabuni kwa namna hiyohiyo. Msishangae mtoto mdogo akiona yale ambayo wazazi hawakuyaona, wala msimnyamazishe.

Na kwa wale wa Kagera tuna ombi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 kambi ile ilipojengwa sasa amepita 90, na wengi wamelala chini ya migomba yao. Watoto na wajukuu wao wapo. Ikiwa katika nyumba yenu yasimuliwa habari ya baba, babu au mjomba aliyepiga kasia, aliyechota maji, aliyejenga hema au kuimba mbele ya kamera za Wamarekani katika miezi ile, andikeni jina lake la ubatizo, jina lake la kwao, ukoo wake na kijiji chake, mkampe katekista au paroko alete kwetu. Tutayapiga chapa katika ukurasa huu, jina moja moja, kila juma, kwa kadiri yatakavyofika.